Mwenye Habari Yuko Jikoni

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza barua bila salamu utasema mjini pameniharibu, na wewe hukuwa mtu wa kusema jambo hilo kwa kunong'ona.

Ninaandika nikiwa kwenye chumba changu cha kushonea, hapa Majengo. Ni mwezi wa sita, baridi ya Songea unaijua, nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kushika sindano. Tangu tukuzike ni mwaka mmoja na miezi mitano. Nyumba yako amepanga mwalimu kutoka Tanga, mtu wa swala tano, mpole, hana makuu. Kuku wako walikwisha wiki ile ile ya msiba, nadhani unajua walikoishia. Kaburi tumelijengea. Kopo lako la ugoro nimelichukua mimi. Sinusi, ila siku nikikukumbuka sana nalifungua, napiga chafya mbili tatu, machozi yananitoka, halafu narudi kwenye cherehani. Wateja wanadhani nina mafua.

Lakini sikuandikii kuhusu kuku. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililiharibu, na wewe ndiye niliyepaswa kuja kuungama kwako kabla ya mtu mwingine.

Ni kuhusu Asteria, mjukuu wako, binti wa Kaka Leonard. Ulimwacha akiwa ameanza kidato cha tatu, ana miaka kumi na saba, mrefu kama bua la mahindi ya Madaba. Miezi miwili baada ya wewe kuondoka alikuja hapa na sketi yake ya shule, akasema inambana, nimtanulie kiuno. Nikapima. Mshona sare hadanganywi na kiuno, Shangazi. Nikamtazama, naye akanitazama, kisha akakaa chini juu ya vitambaa akaanza kulia. Akasema, "Shangazi, sijamwambia mtu mwingine." Kijana aliyehusika alikuwa ameshavuka kwenda Msumbiji, na habari zake tumeziacha kwa wanaohusika, sitaki kuzichafulia karatasi hii.

Nilimkumbatia, hilo nilifanya. Nililia naye. Halafu nikamwambia maneno mawili ambayo yananisuta mpaka leo: "Niachie mimi."

Nikakimbia na habari yake. Siku tatu hazikupita, nikamwambia Kaka Leonard. Jumatatu ya Pasaka ukoo ukakaa kikao nyumbani kwake, wazee sita, na kiti chako wakanipa mimi. Unanijua, sifa nazipenda. Nilivaa kitenge changu kipya, nikasimama, nikaongea mpaka nikajishangaa. Nilisema maji yameshamwagika, tusimpige mtoto, tusimwoze, siku hizi binti akijifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Nikapendekeza aende Tunduru kwa Kaka Festo, ajifungulie huko, asome huko huko, ili hapa watu wasipate la kusema. Nikawaambia ni mtoto mwelewa, atakubali. Mzee mmoja akapiga goti lake akasema, "Damu ya marehemu hii." Nikacheka kwa furaha.

Na Asteria alikuwa wapi? Alikuwa jikoni, anatupikia ugali.

Hapo ndipo ninapoona aibu, maana mimi kati ya watu wote ndiye niliyepaswa kujua. Nilikuwa na miaka kumi na saba na mimi, unakumbuka, niliporudi kutoka kwa masista, nilikopelekwa niwe sista. Masista walikuwa wema, sikuwa na ugomvi nao. Moyo tu ulikuwa umekataa. Lakini nyumbani walishanitoa kwa Mungu, tena kwa sherehe, nguruwe akachinjwa, waumini wa kigango kizima wakaja kuniaga. Sikuthubutu kumwona baba, nikashukia kwako. Nilikaa wiki mbili kwako na hukumwambia mtu. Siku ya kwanza nilipomaliza kukueleza ulinusa ugoro wako, ukapiga chafya, ukaniuliza, "Haya. Hili nilibebe, au nilisikie tu?" Nikasema lisikie tu. Ukalisikia tu. Wiki ya pili nikakuambia nataka baba ajue, ila naogopa. Ukasema basi twende.

Wazee wakakaa. Mimi nikapelekwa jikoni, maana ndiyo desturi, habari ya mtoto inajadiliwa huku mtoto anasonga ugali wa wajumbe. Nilisikia kila neno. Nilisikia babu mdogo akilalamika, "Na yule nguruwe tulishamla!" kana kwamba wito wangu ulikuwa ndani ya nguruwe. Kisha nikasikia baba akikuuliza wewe unasemaje. Nikafunga macho. Nilijua utanitetea vizuri, ulimi ulikuwa nao.

Ukasema, "Mimi sina la kusema. Mwenye habari yuko jikoni."

Ukaja. Ukaninyang'anya mwiko, ukaniambia niende nikakae pale ulipokuwa umekaa wewe. Nikaenda, nikakaa. Baba akafoka, huyu anafanya nini hapa, nawe ukajibu kutoka jikoni, katikati ya moshi, "Amekaa kwenye kiti changu. Mwenye neno na kiti changu aje huku." Hakuna aliyekwenda. Nikasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, "Baba, sina wito." Wao ndio walioanza kuniuliza maswali, na nikayajibu.

Baba alininunia mpaka mavuno, hilo halikuzuilika. Na ugali wako ulikuja una madonge, katikati mbichi, wazee wakaula huku wanatazamana. Hukujua kusonga ugali, Shangazi, tuseme ukweli. Lakini ule ndio ugali pekee wa ukoo wetu ninaoukumbuka.

Sasa niambie, mtu aliyetendewa hivyo anawezaje kukaa kwenye kiti kile kile na kusahau? Mimi nilisahau. Nadhani nilikumbuka kwamba ulinisaidia, nikasahau ulivyonisaidia.

Asteria alikwenda Tunduru bila neno. Alijifungua mwezi wa tisa, mtoto wa kiume, Deogratias. Nikipiga simu, anapokea wifi, mke wa Kaka Festo: yuko kisimani, yuko dukani, amelala. Nikituma ujumbe, kimya. Nikajipa moyo kwamba ni mambo ya uzazi. Mwezi wa kumi na moja nikapanda basi bila kuaga mtu. Nilimkuta anafua, mtoto mgongoni, na beseni limejaa nguo za watoto watatu wa Kaka Festo. Habari ya shule haikuwepo. Wifi si mtu mbaya, ana duka, ana watoto wadogo, amepata mkono wa kumsaidia, akawa anasema tusubiri kidogo mtoto akue. Na angesubiri mpaka yule mtoto aanze yeye shule.

Unajua sisi wakubwa tulivyolelewa. Mkubwa akimkosea mtoto haombi msamaha, ananunua soda. Na mimi nilikuwa na soda kwenye mkoba, Mungu anisamehe, na viatu vipya, na biskuti. Nikaifungua ile soda nikampa. Akaiweka chini, haikuguswa, nzi wakaanza kuizunguka. Akaendelea kufua.

Ndipo nikakaa chini kwenye udongo, nikasema. Ilikuwa ngumu kuliko ile ya kumwambia baba sina wito. Nikamwambia, "Asteria, nimekukosea. Ulinipa neno lako nikaenda kulitangaza. Nilikusemea bila kukuuliza. Nisamehe."

Akasuuza shati moja, akalikamua, akalianika. Halafu akasema bila kunitazama, "Jiko la nyumbani ni la mabanzi ya mbao, Shangazi, sauti inapita. Nilikusikia ulivyocheka." Niliona afadhali angenitukana.

Nikalia, nikashindwa kuficha. Nadhani alikuwa hajawahi kuona mtu mzima anamlilia yeye kwa kosa la huyo mtu mzima. Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa nimshike, akasema anakwenda kuoga, maana tangu asubuhi hajapata nafasi. Nikajua mlango haujafungwa kabisa.

Aliporudi nikamwuliza swali lako lile, nilibebe au nilisikie tu. Akafikiri sana. Akasema, "Kwanza sikia." Akaongea mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba. Hakutaka Tunduru hata siku moja. Alitaka kurudi Songea, shule yake ile ile, geti lile lile, madarasa yale yale. Nikamwambia watu watamsema. Akasema, "Wanasema hata sasa, sipo tu kuwajibu. Nikijificha huku, kule nitarudi lini?" Kumbe siku ile ya Pasaka nilikuwa sifichi aibu yake. Nilikuwa naficha yetu.

Mkono wangu ukaenda kwenye simu, nimpigie Kaka Leonard nimpange. Ni ugonjwa, Shangazi. Nikaurudisha. Asteria akasema atampigia baba yake mwenyewe, mimi nikae karibu, "lakini usiseme kitu." Nikakaa. Kaka Leonard alifoka mpaka sauti ikawa inatoka kwenye simu kama redio. Kuna mahali alimwambia neno la uonevu, nikanyanyuka, binti akanitazama tu, nikakaa tena nikauma ncha ya kanga yangu. Yeye hakufoka. Alisema, "Baba, najua nimekuumiza. Nataka kurudi shule. Nataka kurudi nyumbani." Simu ikakatwa. Siku tatu tulikaa bila jibu, nikilala mkeka mmoja naye, na sikumpigia kaka yangu, ingawa ulimi uliniwasha. Siku ya nne alipiga yeye, akampigia binti yake, si mimi. Akamwambia, "Njoo. Mtoto mfunike vizuri, huku baridi."

Januari akarudi shuleni, akaanza upya kidato cha tatu. Kwa mkuu wa shule alijieleza mwenyewe, mimi nilikuwa nyuma na mtoto. Nimeombwa kazi moja tu na ninaifanya: Deogratias anashinda hapa kwangu kwenye mabaki ya vitambaa, na wakati wa mapumziko mama yake anakimbia kuja kumnyonyesha, anarudi. Shule iliridhia. Nimeshona sare nyingi maishani, Shangazi, lakini ile aliyoivaa siku ya kwanza niliishona huku nasali.

Usidhani mambo yamenyooka. Wiki ya pili alirudi analia, akasema haendi tena, kuna mama wa mwanafunzi alimwita jina ambalo silirudii. Nikachukua kanga niende nikamshushe huyo mama. Asteria akasema, "Usiende, Shangazi. Kaa na mimi." Nikakaa naye Jumamosi na Jumapili nzima, tukipukuchua mahindi ya Kaka Leonard, sikumshauri lolote, na kwangu mimi hiyo ni kazi nzito kuliko kupukuchua. Jumatatu akaamka akavaa sare. Fizikia imemshinda, hesabu anaziweza. Baba yake bado hana maneno mengi, lakini jioni anakuja kumchukua mjukuu, eti anapita tu.

Na mimi bado nakosea. Juzi katekista alimwuliza Asteria anaendeleaje na masomo, nikajibu mimi. Binti akanifinya mkono, tena kwa kucha. Nikaomba radhi pale pale mbele ya katekista, naye akashangaa kama aliyemwona padre anaendesha bodaboda.

Nimekukosa sana, Shangazi. Nimekosa mtu wa kunitania, na nimekosa mtu wa kunipinga. Walioniambia siku ya kikao kwamba mimi ni damu yako walikosea, siku ile sikuwa. Ninajifunza sasa, nikiwa na miaka arobaini na mbili, na anayenifundisha ni mtoto wa kidato cha tatu.

Pumzika, mama yangu wa pili. Misa yako ya kumbukumbu itasomwa Januari, na ugali tutasonga vizuri, usiwe na wasiwasi. Siwezi kukuahidi kwamba sitakosea tena, utanicheka huko uliko. Nakuahidi kwamba neno la mtoto nitakalopewa litabaki la mwenyewe, mpaka atakapotaka kulitoa kwa mdomo wake.

Jumamosi iliyopita, baada ya wateja kuondoka, Asteria alirudishia mlango, akavuta kiti akakaa karibu na cherehani yangu. Akaniambia jambo lake moja. Ni mara ya kwanza kunipa siri tangu Machi ile. Si jambo baya, usihangaike huko. Lakini niwie radhi, Shangazi wangu, hata wewe sikuambii.

Mwanao,
Skola