Soksi ya Ndagala

Mama yangu,

Ni mimi niliyekula zile ndagala. Sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Nilizificha ndani ya soksi ya mguu wa kushoto, nikapanda nazo mlima mpaka Bijombo.

Unakumbuka? Nilikuwa na miaka saba. Tulikuwa tunaenda kumsalimia Koko, mama yake na Papa. Kabla ya kuanza kupanda ulipekua mfuko wangu ukatoa kila kilichonuka samaki. "Kule juu wako na ng'ombe," ukasema. "Mwenye kula samaki na kunywa maziwa anaharibu ng'ombe. Ni sheria yao, tuiheshimu." Wewe, binti wa mvuvi, uliyekua ukianika ndagala kwenye mchanga, ulikaa kule ukila ugali na maharage bila kulalamika. Mimi nilishindwa siku ya pili. Nilizila nyuma ya zizi, zote na vichwa vyake. Mara Koko akaniita, akanipa kikombe cha maziwa ya Gaju, ng'ombe wake mwekundu. Sikuweza kukataa. Unanijua, hata mtu akinikanyaga mguu ni mimi ninayeomba pardo. Nikanywa yote.

Siku tatu baadaye kiwele cha Gaju kilivimba, maziwa yakatoka na damu, kisha yakakauka kabisa. Koko hakutafuta mbali. Alikunyooshea kidole mbele ya mashemeji zako wote: "Ni huyu wa ku ziwa! Njo yeye alileta samaki yake mpaka mu zizi yangu!"

Ulitazama chini. Ulisema tu, "Munisamehe, Mama."

Kwa nini uliomba msamaha? Hapo ndipo kichwa kinaponizunguka. Kwa sababu siku ile niliyokula, ulinishika mikono ukanisugua kwa majivu, kidole kimoja kimoja, ukanusa, ukasugua tena. Ulikuwa unaniosha kama mama yeyote, au ulijua? Tangu pale hukukanyaga tena Bijombo, mpaka ugonjwa ukakuchukua. Na mimi sikukuuliza.

Mwezi huu profesa wetu wa jiografia shuleni alijaza tablo nzima kwa chaki. Alisema watu wote wa dunia asili yao ni moja, na ni huku huku Afrika. Alisema zamani sana ardhi yetu ilipasuka, maji yakajaa kwenye ufa, likawa ziwa, na pembeni ikasimama milima. Waliokaa chini wakajifunza nyavu. Waliopanda kwenye majani wakajifunza ng'ombe. Kila upande ukatunga sheria za kulinda kile kinachoulisha. Kwa Kifaransa nilielewa vizuri, hata nikaandika katika kaye, daftari langu la darasani. Nikirudi nyumbani na kuwaza kwa Kiswahili, sielewi tena. Kama sheria ile ni ya mlima tu, basi Gaju aliugua ugonjwa wake, wewe huna kosa, na mimi pia sina. Sasa mbona hadi leo siwezi kunywa maziwa?

Baada ya somo nilijikaza, nikamuuliza profesa, maana yeye amezaliwa kule juu: "Prof, ninyi wenyewe munaweza kula ndagala na kunywa maziwa?"

Akacheka sana. "Miye? Haiwezekani! Kichwa njo ilisoma jiografia, tumbo haikusoma."

Na Koko ndiye anayenichanganya zaidi. Tangu kule juu kulipoharibika kwa vita amekuja kukaa nasi hapa Uvira, bila ng'ombe hata mmoja. Mwanzoni aligeuza uso ndagala zikipita. Leo anazila kuliko sisi. Kaka akamtania, "Koko, na ile sheria?" Akajibu akitafuna, "Hapa nani atakauka? Ziwa?" Tulicheka wote. Lakini jina lako likitajwa, anaacha kutafuna. "Ule alikausha Gaju yangu." Sheria aliiacha mlimani, hasira akashuka nayo. Inawezekanaje?

Jumapili mtoto wa kaka anabatizwa. Ni msichana. Kaka na mke wake wanataka aitwe Riziki, kama wewe. Papa anangoja neno la mama yake, na Koko amekataa mara mbili: "Jina ile haitaitwa miye nikiwa mu nyumba hii." Jana Papa alianza kutafuta jina lingine. Aliniuliza hata mimi kwa nini Koko hasamehi. Nikasema, "Sijui, Papa."

Mama, nilijua.

Nikimwambia Koko kwamba ni mimi, nitakuwa nimekubali kwamba ndagala zilikausha ng'ombe? Nikimwambia kwamba samaki hakaushi ng'ombe, nitakuwa nimemwambia alikutukana bure miaka yote hiyo, na yeye amezeeka, na ndiye anayenisuka nywele sasa. Naogopa atanitazama kama alivyokutazama wewe. Labda nitasema tu nilichofanya, soksi na kikombe. Nani alimkausha Gaju, sijui. Kweli sijui.

Nasikia ndala zake kwenye baraza. Zikifika hapa huwa ninasukuma karatasi chini ya godoro, ingawa Koko hajui kusoma. Kusoma hajui, kuuliza anajua.

"Weye mutoto, kila siku unaandika! Unaandikia nani?"

Leo karatasi imebaki juu ya meza, Mama. Mkono wangu pia uko juu ya meza. Nitamjibu. Pumzika. Kama ulijua, asante kwa yale majivu.

Mtoto wako wa mwisho,
mwenye soksi