Taa za Kaskazini Zimetuzimia Taa ya Jikoni

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu mpendwa Mrefu,

Hujambo huko kwenye baridi? Kifua kimepona? Yale mabuti ya kiwanda cha samaki bado yanaingiza maji? Sisi ni wazima, namshukuru Mungu, ila mimi kichwa kinaniuma, na dawa yake unayo wewe. Barua hii naipiga picha nikutumie, maana ujumbe wa simu unasoma mistari miwili unakimbia.

Ile video yako ya taa za kaskazini, hilo anga la kijani la usiku, imetuvuruga. Mama aliitazama kwa lile jicho lililobaki na nuru kidogo, akasema mbingu inaungua na wewe uko chini yake. Daktari amempangia upasuaji Alhamisi hii. Mtoto wa jicho amekomaa, tukizidi kuchelewa kazi itakuwa ngumu. Mama kagoma! Eti hafungwi bendeji mpaka wewe utoke huko.

Basi mimi, mwalimu wa sayansi mwenye chaki hadi kwenye nywele, nikajitia kumweleza. Jua linarusha chembechembe zenye umeme, ndogo hazionekani, zinasafiri mpaka kwetu. Dunia nayo ni kama sumaku kubwa. Nyingi inazipitisha pembeni, nyingine inazielekeza kwenye ncha zake, kaskazini na kusini. Huko juu zinagonga hewa, na hewa inatoa mwanga: oksijeni kijani, juu zaidi nyekundu, na naitrojeni buluu na zambarau. Nikaona kanitegea sikio, nikajisifu moyoni.

Unajua alisemaje? "Kwa hiyo hiyo sumaku inatukinga sisi, halafu inazisukumia kwa mwanangu?"

Jamani! Miaka yote nafundisha, sijaulizwa swali kama hilo. Nikakimbilia kusema zinaishia kama kilomita mia juu yako, hewa ya katikati inakufunika, hazikugusi. Wapi! Nikazidi kuharibu: nikamwonyesha taa ya mrija ya jikoni, nikamwambia ni karibu jambo lilelile, umeme unapita kwenye gesi, mbona haijatuunguza? Akaikodolea macho, akanyanyuka na kiti chake. Tangu hapo taa ya jikoni ni marufuku. Napika na tochi nimeing'ata kwa meno.

Shangazi naye badala ya kunisaidia anachochea. Eti kasikia watu wa huko wananyonyoka nywele. Kasikia wapi? Hajui. Nikamwambia abaki na maneno yake, sasa tumenuniana.

Nimechoka, nakwambia kweli. Nimechora kwenye sinia kwa unga, nimepaza sauti mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Wewe unajibu kwa vidole gumba tu. Kidole gumba kinamsaidia nini mtu asiyeona vizuri?

Jana nilimkuta kaishika simu imemgusa pua, anairudia ile video. Nikadhani bado anaogopa moto. Kumbe anakutafuta wewe! Anga mwanzo mwisho, wewe humo hata kidogo. Akaniuliza kama ni jicho lake ndilo limeshindwa kukuona. Nilitoka nikaenda uani, nikalia.

Kwa hiyo sayansi niachie mimi. Mpigie kwa video kabla ya Alhamisi, mchana, kamera ikuangalie wewe, uongee mpaka yeye ndiye achoke.

Wanangu wanakusalimu, fundi cherehani anakusalimu, na shangazi pia, ingawa leo sitaki hata kumtaja. Mungu akutie joto na akulinde kazini.

Mama nilimuuliza nikufikishie salamu gani. Kasema: "Mwambie kama nitafunguliwa jicho nisimwone yeye, basi waliache lilivyo."

Ni mimi dada yako, nakupenda na nimekukasirikia,
Mama Mapacha