Mrija Nilioukataa Mukuju

Sanduku la Posta 27,
Busia.
21 Novemba 1965.

Mpendwa kaka Laban,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Nakuru, na kwamba shemeji Mildred amepona ule mguu uliomsumbua tangu Pasaka. Huku Mama hajambo, ila macho yanazidi kufifia, na sasa anatutambua kwa sauti. Mvua imenyesha vizuri, muhogo umesimama, na ng'ombe wako yule mwekundu amezaa dume. Mama amekataa apewe jina mpaka uje mwenyewe.

Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma, na nakuomba uyasome peke yako kwanza.

Najua habari zimekwisha kukufikia, maana watu wa Busia hawawezi kupanda gari moshi bila kubeba maneno. Utakuwa umeambiwa kwamba golikipa wetu, Phanuel, alitiliwa sumu na Ebong, mwalimu wa timu ya Mukuju, ng'ambo ya mpaka huko Uganda. Si kweli, kaka. Na mtu wa kwanza kujua kwamba si kweli ni mimi ndugu yako.

Ebong unamkumbuka, yule Mteso mrefu uliyekuwa ukimkimbiza uwanjani enzi zenu bila kumpata. Mwaka wa sitini na mbili wenye timu ya Mukuju walimwajiri awafundishe vijana wao, na mwezi huohuo wafanyabiashara wa hapa wakaniajiri mimi. Tangu hapo tukawa tunakutana kila Septemba kugombea kombe la mpakani. Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya chungu. Mchezo ukiisha, mwalimu aliyeshinda anaweka chungu cha ajono, ile pombe yao ya wimbi, na mwenzake aliyeshindwa anapewa mrija wa mshindi avute wa kwanza, wachezaji wote wakitazama. Baada ya hapo kila mtu anavuta, hata sisi wa kanisani.

Miaka mitatu mfululizo nilishinda mimi. Miaka yote mitatu Ebong alikuja nyumbani kwangu, akapokea mrija kwa mikono miwili, akavuta, akawasifu vijana wangu mmoja mmoja kwa majina. Nilidhani ni mtu wa kucheka ovyo tu. Sikujua kwamba alikuwa anajikaza, kwa sababu mimi sikuwa nimeshindwa bado.

Mwaka huu tulicheza kwao, Jumamosi ya tarehe 25 Septemba. Asubuhi ile Phanuel alinijia amejishika tumbo upande wa kulia. Alisema linamuuma tangu usiku na akaniomba nimweke golikipa wa akiba. Yule wa akiba unamjua, mpira ukija yeye hufumba macho. Nikamwambia Phanuel aache ulegevu. Nikamkorogea chumvi ya haluli, ile dawa ya kuharisha, katika kikombe, akanywa yote mbele yangu, na nikamwonya asiwaambie wenzake wasije wakavunjika moyo. Alikuwa kijana mtiifu. Alipanda lori akakaa kimya mpaka Mukuju.

Tulifungwa bao moja. Ulikuwa mpira dhaifu, unajiviringisha tu, mtoto angeudaka. Phanuel aliinama polepole ukampita chini ya mikono. Nilimfokea kutoka pembeni mpaka sauti ikakauka, na hali nilijua kwa nini hakuweza kuinama.

Jioni tukakaa kwenye chungu. Ebong akaniletea mrija wake. Wenye timu yangu walikuwa wamesimama nyuma yangu, wamenuna, na nilikwisha kusikia mmoja wao akitaja jina la mwalimu mwingine. Nilikuwa na hasira, kaka, na aibu, na kijicho pia. Nikausukuma ule mrija nikasema kwa sauti kila mtu asikie:

"Sinywi. Sijui umetia nini humu."

Wewe unajua maneno hayo yana uzito gani, kwao na kwetu Wasamia. Kukataa mrija wa mtu ni kumwita mchawi mbele ya watoto wake.  Ebong aliuchukua mrija akavuta yeye mwenyewe, akavuta kwa muda mrefu, kisha akanipa mkono wa kwaheri. Nilitia mkono wangu mfukoni. Phanuel, kwa adabu yake, alivuta kidogo ili wenyeji wasione vibaya.

Alifariki Jumanne hospitalini. Daktari aliniita pembeni akaniambia kidole tumbo kilipasuka, na kwamba kilikuwa kimeiva kabla ya Jumamosi. Akauliza kama kuna mtu aliyempa dawa ya kuharisha, maana hiyo ndiyo iliyommaliza. Nikasema sijui. Mama yake, Truphena, alikuwa nje anasubiri kuitwa.

Kabla hatujafikisha maiti nyumbani, habari ya sumu ilikuwa imetangulia. Sikuisema mara ya pili. Haikunihitaji niiseme, ilinihitaji ninyamaze. Na wale matajiri waliotaka kunifukuza Jumapili walikuja Jumatano kunipa pole. Walisema timu bora haiwezi kufungwa na timu ile bila dawa, kwamba kosa si langu, nisiwe na wasiwasi na kazi. Nikaitikia kwa kichwa. Ukitaka kujua nimekuwa mtu wa namna gani, kaka, ni hapo tu, pale nilipoitikia.

Ebong alikuja mazikoni na vijana wake, wamefunga vitambaa vyeusi mkononi. Watu waliwapiga mawe. Vijana walikimbia, yeye akarudi nyuma mpaka barabarani, akavua kofia, akasimama huko damu ikimtoka sikioni hadi kaburi lilipofukiwa. Mimi nilikuwa nimeshika koleo. Wiki iliyofuata nyumba yake ilichomwa mchana kweupe, na waliochoma walitoka pande zote mbili za mpaka. Wenye timu yake walimwachisha kazi. Mkewe, Asekenye, aliwachukua watoto akarudi kwa wazazi wake.

Nilivumilia siku arobaini bila usingizi wa maana. Tarehe 6 mwezi huu nilienda Majanji kule ziwani, kwa kuwa niliambiwa ndiko alikokimbilia. Nilimkuta ufukoni anapasua samaki wa watu wengine kwa ajili ya kubanikwa, mikono imejaa magamba. Nilimweleza yote, tumbo la Phanuel, ile chumvi, daktari, na kuitikia kwangu. Nilitegemea anipige. Nadhani nilitaka anipige. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama ndani ya samaki, kisha akaniuliza jambo moja tu, kwa Kiswahili chao cha Uganda:

"Kijana ilikuwa nasikia uchungu hata kwa goli?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ile goli si yangu, mwalimu," akasema. "Mimi nashinda mgonjwa. Mngeniambia, tungengoja."

Hakusema neno lolote juu ya nyumba wala juu ya mkewe. Aliosha mikono ziwani, akanichagulia samaki wawili, tukala pamoja, akanisindikiza mpaka barabarani. Njia nzima nililia kama mtoto.

Jumapili ya tarehe 14 nilisimama kanisani baada ya matangazo nikasema yote, kama nilivyokuandikia hapa. Nilifikiri kama ni kunitukana watanitukana, na Ebong atakuwa huru. Hawakunitukana. Walinionea huruma. Mtu mmoja akauliza kama ni kweli nilikwenda Majanji, nikakubali. Akauliza kama nilikula chochote mkononi mwa Ebong. Nikasema nilikula samaki. Basi kanisa zima likaguna. Walinikalisha chini, wakanizunguka, wakaomba nifunguliwe kutoka katika kile nilicholishwa. Sasa ninapozidi kusema ndivyo wanavyozidi kusadiki kwamba Ebong amenifunga akili. Katika kumtetea nimemwongezea kosa.

Matajiri wamekataa niache kazi. Wanasema nipumzike mpaka Januari, itanitoka. Nimewarudishia filimbi na funguo za stoo ya mipira hata hivyo.

Sasa ombi langu. Ile nafasi uliyoniandikia Agosti, ya kufundisha timu ya karakana yenu hapo Nakuru, kama haijachukuliwa nakuomba usinihifadhie mimi. Mpe Ebong. Nakuandikia bila kutia chumvi, hakuna mwalimu wa mpira anayemfikia upande huu, na vijana wenu watajifunza kwake jambo ambalo mimi nimelijua nimekwisha chelewa. Wakikuuliza habari za sumu waonyeshe barua hii. Nimeiandika kwa mkono wangu na jina langu lipo chini. Huko hawajui nilikula samaki wapi, pengine wataniamini. Yeye ukimwandikia, mwandikie kwa anwani ya shule ya misheni Majanji, na usimwambie ni mimi niliyeomba. Akijua atakuja kunishukuru, na sitaweza kumtazama.

Mama anakusalimu, anasema umletee ile dawa ya macho. Mke wangu Felistus anamsalimu shemeji na anamtafutia mpunga mpya. Binti yetu Apio anakuuliza kama Nakuru kuna viboko. Nisalimie watoto wote wawili, na mzee Oguttu ukipita kwake.

Salamu za Truphena, mama yake Phanuel, ambazo hazijawahi kukosa katika barua zangu, safari hii hazipo. Alikuja Jumanne, akasimama mlangoni, akaniuliza kama ni kweli mwanawe aliniambia anaumwa nami nikamwambia acheze. Nikasema ni kweli. Kesho yake akasafiri peke yake hadi Majanji kumpa Ebong mkono. Katika Busia nzima ni yeye peke yake aliyeniamini, na tangu siku hiyo hanisalimii.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuepushe na yaliyonipata.

Wako akupendaye, ndugu yako,

Jared