Miguu Ilipoanza Kuruka

Mpendwa Baba, Dalmas Wepukhulu,

Mwaka mzima umepita sasa tangu utuache, na bado mmoja wetu hushtuka alfajiri akidhani ni zamu yake ya kukugeuza kitandani.

Ulikuwa fundi wa mabati. Kutoka Kisian hadi Bondo kuna nyumba zisizovuja kwa sababu yako, na mvua ikinyesha ulipenda kunyamaza, usikilize. Kisha ukaanguka kutoka paa la kanisa, uti wa mgongo ukaumia, na kuanzia kifuani kwenda chini mwili ukawa kama wa mtu mwingine. Mkojo ulipita kwenye mrija wa mpira. Siku moja uji wa moto ulikumwagikia pajani, nawe ukaendelea kupiga gumzo na Byron. Hukujua.

Ndipo miguu ikaanza kuruka yenyewe. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja.

"Baba Byron, umeona? Mungu ameiamsha!"

"Huu mguu ni mlevi tu, Mama Byron. Unarusha mateke na hata njia ya nyumbani hauijui."

"Wewe cheka tu. Jumapili tunatoa shukrani."

Daktari alikuwa amekuambia mbele yetu kwamba huko si kupona, kwamba misuli iliyo chini ya jeraha hujikaza yenyewe. Ulitukonyeza sisi watoto tunyamaze. Mama akaimba kutwa, akakununulia viatu.

Wiki ya mwisho miguu iliruka kuliko siku zote, hata shuka halikukaa. Ulisema huna maumivu popote. Tulifurahi pamoja na Mama, maana hata sisi tulikuwa tumeanza kuamini. Homa ilipopanda tulikukimbiza hospitali, lakini figo zilikuwa zimekwisha kuoza kwa maambukizi. Nesi alimwambia Mama polepole, "Mwili wake haungeweza kumwambia anaumia, mama. Hiyo miguu ndiyo ilikuwa inaita."

Mama hajaimba tangu siku hiyo. Tunamwambia hakukosea, lakini hasadiki. Kanisani hufungua kitabu cha nyimbo, mdomo ukabaki umefungwa. Wewe ungemtania, angecheka. Sisi hatujui tufanye nini, Baba.

Unakumbukwa na mkeo Magdalene Nanyama, wanao Dolphine na Byron, dada yako Seline, na mafundi wenzako wa Kisian.

Hapa chini ya tangazo la kumbukumbu watu huweka ubeti wa wimbo. Mama amesema pasiwekwe kitu.

Tutakukumbuka siku zetu zote.