Chungwa Juu ya Kijani

Kaka mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini wewe na wifi ni wazima, na kikohozi cha mtoto kimepungua. Mama hajambo, ila analalamika kwamba siku hizi umekuwa adimu. Mimi ni mzima wa mwili.

Wewe ndiye uliyeniombea kazi kwa Bosi hapa kwenye kiwanda cha uchapaji, kwa hiyo ni haki yako ujue ninavyoifanya. Ninatayarisha picha kwenye kompyuta. Pakiti za sabuni zina rangi mbili tu, kijani na chungwa. Kila rangi ina kopo lake la wino na bamba lake la kuchapia, kwa hiyo lazima niitenge peke yake. Fundi wa mashine alinieleza haya yote kwa subira. Huniita Mnong'ono kwa sababu ya sauti yangu ndogo, eti nisijali, mashine yake ina kelele za kututosha sote wawili.

Jumatatu tulichapa pakiti mpya, na maandishi ya chungwa yakatoka kama tope. Fundi akasimamisha mashine, akaosha rola mara tatu. Tope lile lile. Bosi alikuja akamkaripia mbele ya watu wote, kwamba macho yake yamechoka na sasa anachanganya wino mchafu. Fundi akaomba kazi ya kompyuta iangaliwe kwanza. Bosi akanigeukia, akaniuliza kama iko sawa. Kwenye skrini chungwa lilikuwa linang'aa. Nikaitikia kwa kichwa. Fundi akaambiwa avue ovaroli aende nyumbani, na Ijumaa aje kuchukua barua ya kuachishwa kazi.

Kaka, kosa ni langu. Jana niliizima rangi ya chungwa kwenye skrini nikakiangalia kijani peke yake. Kilikuwa kimejaa hadi mahali pa maandishi. Nilisahau kupaacha peupe. Kompyuta huonyesha rangi ya juu kana kwamba imeifunika ya chini, lakini wino haufuniki hivyo; chungwa likikaa juu ya kijani, huchanganyika likawa tope. Fundi alinionya juu ya jambo hilo wiki ya kwanza kabisa.

Naweza kurekebisha kwa dakika tano na asijue mtu. Sijagusa kitu. Nimeiacha kazi ilivyo ili nimwonyeshe Bosi. Unajua shuleni sikuwahi kunyoosha mkono, hata nilipokuwa na jibu. Lakini Fundi alikaripiwa mbele ya watu wote, basi na mimi nitasema mbele ya watu wote, leo hii, mara tu mapumziko yakiisha. Nikifukuzwa, usimlaumu Bosi, na unisamehe kwa kukutia aibu.

Naenda kuitia barua hii posta kwanza, ndipo nirudi ndani. Ikishanitoka mkononi, sitaweza tena kubadili nia.

Nisalimie sana wifi, na umbusu mtoto.

Mdogo wako,
Kitindamimba