Waya wa Chumba cha Mama

Yaya Faustin, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa hapa salon, sebuleni kwetu, kwenye meza uliyokuwa unawekea deki zako mbili za video. Deki bado ziko, ila nimezisogeza pembeni, na katikati imekaa kompyuta. Ndiyo, Yaya, kompyuta, nyumbani kwetu Gisenyi! Mama ameishonea kitambaa cha maua cha kuifunika, na kila asubuhi anakikung'uta vumbi kabla hata hajanawa uso. Ungecheka.

Lakini sikuandiki ili nikuchekeshe. Nimekukosea, na nimekukosea wakati huwezi hata kunigombeza. Zile kaseti ulizomwekea Mama sauti yako, zile ulizoandika kwa wino wa bluu, hazipo tena. Mimi ndiye niliyezitoa nyumbani. Acha nikueleze tangu mwanzo, na usikasirike kabla sijamaliza, maana hasira zako nazijua.

Filamu zako zote zilikuwa za Kifaransa, na Kifaransa cha Mama kilikuwa kinaishia kwenye bonjour na merci. Miaka yote tuliyokaa Goma aliuza viazi kwa Kiswahili na kutugombeza kwa Kinyarwanda. Basi wewe ulikuwa unakaa naye kwenye mkeka, mgongo ukutani, unamsimulia. Nani alikwambia usimulie ilivyo? Yule mwizi wa garimoshi ulimwita Shemeki, kana kwamba ni shemeji yetu. Farasi wake ulisema amezaliwa Bugeshi, ndiyo maana haogopi baridi. Daktari akimtongoza muuguzi kwa machozi, wewe unamwambia Mama kwamba anaulizia mbegu za viazi. Mama alikuwa anashika mbavu, kitenge kinamdondoka, anasema, "Faustin, weye ni muongo kabisa! Endelea."

Mimi nilikuwa nacheka pia. Nikumbuke hivyo kidogo, Yaya, kabla ya mengine.

Halafu nikapata kazi ya ukatibu ofisini, nikaanza kuvaa viatu vya kisigino na kusema "donc" ya Kifaransa kila baada ya maneno matatu. Jumapili moja nikawaleta wenzangu wa ofisini kutazama filamu. Wewe ukakaa mahali pako kwenye mkeka, ukaanza: "Bon, Mama, huyu Shemeki ametoka gereza." Mmoja wao akaweka kiganja mdomoni. Alitabasamu tu nyuma ya kiganja, na mimi nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni. Nikakwambia mbele yao wote, "Yaya, nyamaza basi. Sisi tunasikia wenyewe."

Sisi. Mama alikuwa palepale, amekaa na karanga zake mkononi, na yeye hasikii hata neno moja la kile Kifaransa.

Ulinyamaza. Hukununa, ulikwenda kutazama kuku. Nilitamani ungenitukana, tungegombana siku mbili na yangeisha. Tangu siku ile hukusimulia tena kukiwa na mgeni, na kwa kuwa mimi nilikuwa naleta wageni kila Jumapili, ilimaanisha hukusimulia tena.

Badala yake ukaanza kazi ya Jumamosi. Ulikuwa unafunga mlango wa salon, unaunganisha deki moja na nyingine, unachomeka katikati kile kipaza sauti cha redio ya zamani, na filamu inatoka huku ikiingia kule pamoja na maneno yako. Nikiwa jikoni nilikuwa nakusikia unaongea peke yako, unacheka peke yako, ukikosea unarudisha nyuma. Kila kaseti uliyomaliza uliandika kwa wino wa bluu: Ya Mama. Zilifika kumi na tisa. Ulimwambia, "Sasa mi hata nikisafiri, utanisikia." Mimi nilipita na sahani zangu kama sikusikia kitu.

Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukuomba msamaha. Unaona ujinga wangu? Nilifikiri lazima iwe siku maalum. Halafu ikaja ile homa, na siku ya nne ukawa umeondoka.

Mama hakugusa televisheni mwaka mzima. Nikimwuliza kama nimwekee kaseti zako anasema, "Bado. Roho haijakuwa tayari." Kaseti zikabaki kabatini, na wewe unajua unyevu wa hapa karibu na ziwa. Siku nilipofungua kabati nilikuta ukungu mweupe umeanza kutambaa ndani ya nyingine. Nilishtuka, nikamwita Eric, yule binamu yetu aliyerudi kutoka Uganda. Yeye anatengeneza kompyuta za maofisi, na alikuwa na moja ya zamani aliyoitia kifaa cha kuingiza video. Akanieleza kwa kile Kiswahili chake cha kujikwaa: filamu zinaingia ndani ya diski, zinakaa humo bila ukungu, kisha waya mmoja unakwenda kwenye televisheni ya salon na mwingine kwenye televisheni ndogo ya Mama, kule kwenye chumba chake cha uani. Mtu anachagua jina kwenye orodha, filamu inacheza. Hakuna kurudisha nyuma, hakuna deki kumeza utepe.

Mama aliposikia alisimama. Alisema, "Basi roho iko tayari. Muziweke."

Sikiliza sasa, hapa ndipo nilipokuharibia. Kila filamu ilikuwa na kaseti mbili: ile uliyoinunua, safi, na ile yako ya wino wa bluu. Yako ilikuwa nakala ya nakala. Eric alipoichomeka picha ikaruka, ikakatika mistari, na kompyuta ikagoma. Akasema tutumie zile safi. Yeye hakujua kilichomo ndani ya zako, Kiswahili chenyewe anakishika kwa shida. Mimi nilijua. Nilijua, Yaya. Ningeweza kumwambia Eric kwamba picha iruke inavyotaka, tunachotafuta ni sauti. Angetafuta njia, ni mtu wa kutafuta njia. Nikasema, "Sawa, tia hizo safi." Ofisini nilikuwa nimeshatangaza kwamba nyumbani kwetu filamu zinatoka kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeanza kuwaona wamekaa pale tena, na sikutaka wakusikie unasema Shemeki. Ulikuwa umekufa na mimi bado nakuonea aibu. Imeniwia vigumu kuandika sentensi hiyo, lakini ndiyo kweli.

Tukaingiza filamu sita, diski ikajaa. Ikabaki waya wa kwenda kwa Mama, maana toka salon mpaka uani ni mbali na waya wa Eric uliishia jikoni. Goma kuna fundi mmoja anayepiga video za harusi, watu wanamwita Papa Jolie. Yeye alikuwa na waya mrefu na hana kaseti. Mimi nilikuwa na kaseti na sina waya. Nikajiambia zile za bluu zinaoza bure, nikazitia zote kumi na tisa kwenye kikapu, nikavuka mpaka pale Grande Barrière pamoja na wauza nyanya, nikarudi na waya begani. Nilijiona mjanja! Nilipita njia nzima naimba.

Mama alivaa kitenge kile cha sikukuu siku tuliyowasha. Akakaa kitandani, mikono magotini. Filamu ikaanza, picha safi kabisa, garimoshi likaja. Akangoja. Mwizi akatoka, akasema Kifaransa chake. Mama akangoja. Akainamisha sikio kwenye televisheni, kisha akanigeukia.

"Faustin iko wapi?"

Nikamwambia sauti bado inaingia, mashine inachukua picha kwanza, sauti inafuata. Uongo wa hivihivi, na yeye akaukubali kwa sababu hajui kompyuta na kwa sababu mimi ni mtoto wake niliyesoma. Akasema, "Haina neno. Itafika." Na kila alasiri, wiki tatu nzima, alikuwa anavaa kile kitenge, anawasha, anangoja dakika chache, anazima. Hakulalamika hata mara moja. Ningekuwa na moyo ningesema siku ya kwanza.

Wiki ya nne nikaomba ruhusa ofisini, nikarudi Goma. Papa Jolie aliniangalia akaona sura yangu, akaacha kunitania. "Dada, hizo zote zimekuwa harusi," akasema. Zote kumi na tisa, amerekodi harusi juu ya sauti yako. Nikakaa chini palepale kwenye kizingiti cha duka lake nikalia, wateja wananiruka. Ndipo akaniambia, "Harusi zingine ni fupi kuliko kaseti. Angalia mwisho." Alikuwa hajazigawa zote kwa wenyewe, zilibaki kumi na moja. Akanipa kiti na deki.

Siku mbili nilitazama harusi za watu nisiowajua. Keki, mashangazi wanarusha mikono, bwana harusi anatoka jasho, keki tena. Kila harusi ikiisha nasogeza kiti karibu. Kuna iliyoishia na chengachenga nyeupe tu kwenye kioo. Nyingine ilileta filamu yako, ila ni mwisho kabisa, majina yanapanda, na wewe umekwisha nyamaza. Nilikusikia unakohoa mara moja. Nikakirudisha kile kikohozi kama mara kumi, Papa Jolie akajifanya anafagia.

Ya tisa ndiyo ilikuwa na kitu. Bibi harusi anapanda gari, picha inakatika, na ghafla wewe. Wewe, Yaya, na ile sauti yako ya kuchoka ya Jumamosi jioni! Sitaandika ulichosema bado. Papa Jolie hakutaka hata asante, alinifungia ile kaseti kwenye gazeti akaniambia hao maharusi atawatafutia nakala nyingine.

Safari hii sikwenda kwa Eric kwanza. Nilikwenda moja kwa moja uani, nikapiga magoti mbele ya Mama na kumwambia yote. Wino wa bluu, waya, wageni wangu, uongo wa wiki tatu. Nilimwambia mpaka ile Jumapili niliyokunyamazisha, ingawa alikuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye mikono yake. Halafu akasema taratibu, wala hakupaza sauti:

"Ulimunyamazisha mara mbili."

Basi. Hakuna tusi lako ambalo lingefika pale lilipofika neno lile. Nilibaki chini. Nje kuku walikuwa wanagombania maganda, nakumbuka, na mimi nilikuwa natamani aendelee, anipige hata kofi. Kisha akanyoosha mguu akanigusa nao begani, kama mtu anayeamsha mtoto, akasema, "Leta hiyo uliyopata."

Nikabeba deki mpaka uani, nikaichomeka kwenye televisheni yake. Nikapeleka utepe mpaka pale gari la bibi harusi linapoondoka. Picha ikaruka, mistari ikapita, majina yakaanza kupanda, na ukasema:

"Bon, Mama, imeisha. Ulipenda? Sema kweli."

Halafu kimya. Mimi nilifikiri utepe umekwisha. Lakini haukuwa umekwisha, Yaya, nilikuwa nasikia pumzi yako na kiti kinalia. Kumbe ulikuwa umemwachia nafasi ya kujibu. Ulikaa peke yako salon, mlango umefungwa kwa sababu yangu, ukamwuliza mtu asiyekuwepo ukangoja ajibu. Na Mama, bila kufikiri, macho yakiwa kwenye kioo, akajibu:

"Nilipenda, mutoto wangu. Ila yule farasi ulinidanganya."

Ndipo ukazima.

Aliniambia niirudishe. Ukauliza tena, akajibu tena, kwa maneno mengine. Mara ya tatu akakuambia kuku wanataga vizuri. Mara ya nne alikuambia mimi nimerudi kutoka Goma na nimekonda, na kwamba utanisamehe kwa sababu yeye ameanza kunisamehe. Hapo nilitoka nje.

Eric ametoa filamu moja nzima kwenye diski ili kukuwekea mahali. Nilimwambia ni sekunde chache tu, hazihitaji nafasi yote hiyo. Akasema, "Najua, lakini acha ipumue." Jina lako ndilo la kwanza kwenye orodha. Mama amejifunza kulichagua mwenyewe, kidole kimoja, ulimi nje.

Zile filamu tano zilizobaki hazina mtu wa kuzisema, na kwa sababu yangu hazitakuwa naye tena. Mama ameniamuru nikae kwenye mkeka nimsimulie. Sina kipaji chako. Nasema yaliyopo, naye anakatiza, "Hapana, hapo Faustin alisema kitu kingine," na kunifundisha. Nakuahidi nitasimulia, mbele ya mgeni yeyote atakayeingia, na atakayetaka kucheka acheke. Nakuahidi pia kwamba hakuna kitu chako kitakachotoka tena nyumba hii mikononi mwangu.

Pumzika, Yaya wangu. Msamaha niliokuwa nautafutia siku nzuri ndio huu, leo, siku ya kawaida tu, mvua inanyesha. Nisamehe. Nimeacha mlango wa salon wazi, na Mama huko uani amekuwasha, namsikia anakujibu.

Mdogo wako,
Odette