Sarafu Aliyoisugua Mama

Mjukuu wangu Muthoni,

Huku Kianjokoma tu wazima, na majani chai yamechipua vizuri. Umeuliza kwa nini ile sarafu yangu ndogo ya fedha, ya Wahispania wa zamani, haina sura ya mfalme.

Ujanani nilikusanya sarafu. Hiyo ilikuwa adimu, nikaalika mnunuzi nyumbani. Mama, kwa kumheshimu mgeni, aliisugua kwa jivu kama sufuria, hadi sura ya mfalme iliyokwisha kufifia ikafutika. Mnunuzi akasema imeharibika. Nikamwambia, "Msamehe mama, hajasoma."

Mama alikuwa mlangoni na chai. Alimpa mgeni, kisha akanipa mimi, kucha zake zikiwa bado na jivu. Nilishindwa kumtazama.

Nakutumia sarafu hiyo. Wenzako wakiicheka, tafadhali usimwombee mama yangu msamaha.

Guka wako